Idadi Waliyouambia Mlima

Ufa ulikuwa mwembamba hivi kwamba mbuzi mwenye akili zake asingejaribu kuupita. Mcharo alitanguliza kichwa, akatoa pumzi yote kifuani, akapotelea ndani huku miguu yake ikirusha vumbi. Nakiete alibaki nje akisikiliza. Kwanza alimsikia binamu yake akilaani, kisha akicheka, na kicheko chake kilirudi na mwangwi ambao pango la kawaida haliwezi kuutoa.

"Njoo," Mcharo aliita. "Huku ndani pamejengwa."

Tangu wakiwa wadogo walikuwa wakicheza mchezo huu. Kila mtoto wa Ndivani aliucheza: unachukua kipande cha ngozi ya mbuzi, unachora nyufa za mlima wa Shengena kwa mkaa, unajiita mpelelezi, unaondoka kutafuta Hazina ya Wazamani. Wazamani ndio wale walioishi wakati mvua ilikuwa ikinyesha mpaka watu wanainung'unikia. Walikula wakamaliza, wakachimba wakamaliza, na inasemekana mwishoni aibu iliwapata, wakafukia kitu kimoja tumboni mwa mlima kwa ajili ya wajukuu. Kitu gani, kila mtoto alikuwa na lake. Mcharo alishikilia kuwa ni dhahabu na ndege ya chuma iliyolala. Watu wazima walikuwa wakiwacheka, mpaka homa ya vumbi ilipoingia Ndivani. Hapo kicheko kilikwisha, na Bi Namche, msimamizi wa maji, akawaita Nakiete na Mcharo na ngozi yao ya mbuzi, akawauliza kwa adabu kabisa ni ufa upi ambao bado hawajauingia.

Hakuna mtu mzima ambaye mabega yake yangepita pale. Ndiyo maana walitumwa watoto.

Nakiete alijipenyeza. Jiwe lilimkwaruza mgongo na mbavu, na katikati alikwama kidogo akamfikiria Kirita, mdogo wake, aliyemwacha mkekani akilia kwamba mifupa inamuuma. Homa ile ilikuwa na ngazi zake na kila mtu alizijua. Kwanza kikohozi, kisha mifupa, kisha damu masikioni. Kati ya waliotoka damu masikioni hakuna hata mmoja aliyepona. Kirita alikuwa amefika kwenye mifupa. Nakiete alisukuma, ngozi ikachubuka, akaangukia kwenye sakafu laini kama kigae.

Taa zikawaka, hafifu, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa ukumbi mrefu wenye baridi.

"Karibuni," ilisema sauti kutoka ukutani. "Samahani kwa giza. Ni muda mrefu sijapata wageni."

Mcharo alirudi nyuma akamkanyaga Nakiete mguu. Mashine walikuwa wameziona, zile zilizokufa, ambazo watu wa Ndivani walizitumia kuegemezea milango. Mashine inayozungumza waliijua kwa hadithi tu, na hadithi zenyewe hazikuwa nzuri.

"Dhahabu iko wapi?" aliuliza Mcharo, maana hofu ikimzidi huwa hana breki mdomoni.

"Hakuna dhahabu. Kuna dawa. Mmoja wenu aweke kidole hapa chini penye mwanga wa kijani."

Nakiete aliweka. Kitu kikamdunga, tone la damu likanyonywa ukutani, na sauti ikanyamaza kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ni homa ileile," ilisema hatimaye. "Iliwahi kuja zamani, na walionijenga walijua itarudi. Dawa yake haikai muda mrefu, kwa hiyo hawakuweka dawa, waliweka chachu yake. Mnaijua chachu?"

"Ya togwa," alisema Nakiete.

"Vizuri. Chachu yangu ni hai, nimeitunza kwa baridi. Nikiipa joto na chakula itatoa dawa. Lakini nguvu niliyobakiwa nayo inatosha kupika mara moja tu. Nikimaliza nitazimika, na chachu itakayobaki itakufa pamoja nami." Kisha ikauliza: "Mko wangapi?"

Nakiete aliondoa kidole ukutani. Aligeuka akamtazama Mcharo, na Mcharo naye alikuwa akimtazama yeye.

Inafaa kusema hapa jinsi watoto wa Ndivani walivyolelewa, la sivyo mtu anaweza kumwona Nakiete mpumbavu, na hakuwa mpumbavu hata kidogo. Zamani za bibi wa bibi yake ulikuwepo Mwaka wa Hesabu. Mashine zilikuja zikiruka juu ya vijiji, zikiuliza kwa sauti tamu kila kijiji kina watu wangapi. Watu wakajibu kwa ukweli, wengine wakaongeza kidogo wakidhani watapata mgao mnono. Kumbe maji yalikuwa machache, na mtu fulani mahali fulani alikuwa ameamua mlima unapaswa kubeba watu wangapi. Vijiji vilivyozidi idadi vilikatiwa maji. Kijiji kilichobaki ni kimoja, ambacho wazee wake walisema uongo wakajipunguza. Ndivani ni uzao wa uongo huo. Tangu hapo hakuna aliyehesabu watu. Mtoto akianza kunyooshea watu kidole akisema mmoja, wawili, anapigwa kwenye kile kidole. Na kabla hajajua hata kujifunga nguo anafundishwa maneno haya: mashine ikikuuliza mko wangapi, punguza.

"Thelathini," alisema Nakiete.

Alilitoa tu hilo neno. Hakumfikiria mtu yeyote alipolisema.

"Thelathini," ilirudia sauti. "Nawaomba mthibitishe. Nimeagizwa nipike kwa idadi, nisizidishe hata dozi moja, kwa sababu walionijenga walikwisha kuona dawa ya ziada ikifichwa na kuuzwa. Nikianza siwezi kubadilisha. Je, mko thelathini?"

Mcharo alimvuta Nakiete pembeni kana kwamba mashine isingewasikia. "Inauliza mara mbili," alinong'ona. "Unajua wanachosema. Mashine inayouliza mara mbili inakuwinda."

"Lakini hii imesema ni dawa."

"Zile nazo zilisema ni mgao."

Nakiete alisimama akitetemeka kwa baridi. Kitu ndani yake kilimwambia aseme ukweli, na kitu kingine, kikubwa na cha zamani zaidi, chenye sauti ya mama yake na ya bibi yake, kilimwambia watu wote aliowapenda walikuwa hai kwa sababu kuna mtu aliwahi kusimama hivi mbele ya mashine akaidanganya. Angekuwa nani yeye wa kuwauza kwa neno moja?

"Tuko thelathini," alisema.

*

Mashine ilipika. Ukuta ulipata joto, pakanuka kama unga uliochacha. Watoto walikaa wakiegemeana migongo, Mcharo akasinzia. Chupa ndogo zilianza kutoka kwenye tundu la ukuta, zikijipanga ndani ya sanduku jepesi, na kila ilipotoka moja moyo wa Nakiete ulipanda. Hakukuwa na mtego. Hakuna kilichoruka angani, hakuna kilichowafungia mlango. Dawa ilikuwa dawa.

"Sikilizeni maelekezo," ilisema sauti, na sasa ilikuwa imepungua, inakwaruza. "Chupa moja kwa mtu mmoja, mgonjwa na asiyeumwa, siku hiyohiyo. Asiyeumwa leo ataumwa kesho, kwa hiyo msimruke. Msigawe chupa. Nusu dozi haiponyi, inamfundisha mdudu namna ya kuishinda dawa. Na aliyekwisha kutoka damu masikioni msimpe. Haitamsaidia."

Nakiete alilamba midomo. Alijua jibu la swali lake halitamfaa tena, lakini akaliuliza.

"Ungeweza kupika chupa ngapi?"

"Chachu ilitosha mia mbili."

Mcharo aliamka akamkuta binamu yake amejikunja, paji la uso limegusa sakafu. Taa zilikuwa zimeanza kuzimika kutoka mwisho wa ukumbi zikija upande wao.

"Ongeza," Nakiete alisema. "Nilikosea. Nakuomba ongeza. Wape hata kumi."

"Idadi ilithibitishwa," ilisema sauti, bila ukali wowote. "Poleni na safari ya kurudi. Angalieni mawe."

Kisha ikanyamaza, na ukuta ukaanza kupoa.

Waliteremka mlima wakibeba sanduku kwa zamu, wakipita chini ya nyavu za umande zilizotandazwa kwenye miamba, ambazo ndizo zilizokuwa mvua yao. Nyavu zilikuwa na vumbi. Kwa kawaida zingekuwa zimekung'utwa tangu alfajiri, lakini wakung'utaji walikuwa wamelala mikekani.

"Tutasema imetoa thelathini," alisema Mcharo. "Si uongo. Imetoa thelathini."

"Na wakiuliza kwa nini?"

"Mashine ya Wazamani, nani anajua kwa nini? Waliifanyia dunia haya yote bila kutoa sababu." Alihamisha sanduku bega la pili. "Na kabla hatujafika tutoe ya Kirita, na ya mama yako, na yangu. Zilizobaki wagawane. Nakiete, sisi ndio tuliojikwaruza kwenye lile jiwe."

Nakiete aliendelea kuteremka. Tayari alikuwa amelifikiria hilo kabla ya Mcharo kulisema, na alikuwa amelifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kukubali.

*

Ndivani imepewa jina la ndiva yake, bwawa la mawe walilojenga wahenga kukusanyia maji. Kwenye ua wa ndiva kila mtu ana kibuyu chake kinaning'inia, kina alama yake, na maji yanagawiwa kwa vibuyu. Ni ujanja wa watu wasiohesabu: humhesabu mtu, unajaza kibuyu tu.

Waliokuwa na nguvu za kusimama walikwisha kukusanyika. Wengine walikuwa wamebebwa. Mama yake Nakiete alikaa chini karibu na ua, Kirita amelala mapajani mwake, amefungwa kichwa kwa kanga mpaka masikioni.

"Upepo," alisema mama, kabla hajaulizwa. "Unamsumbua upepo."

Hapakuwa na upepo. Nakiete aliitazama ile kanga, akamtazama mama yake, na mama akageuza macho.

Bi Namche alifungua sanduku. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika ng'ambo ya bwawa, na siku hiyo hakupandisha sauti. Nakiete alieleza maelekezo yote, chupa moja mtu mmoja, na habari ya masikio pia, na alipofika hapo baadhi ya watu walianza kulia taratibu, wale wenye wagonjwa waliokwisha kutoka damu. Kisha Bi Namche akaweka chupa moja moja juu ya kila kibuyu akifuata ua. Chupa ziliisha. Vibuyu havikuisha. Vilibaki vinane.

Watu wote walijikuta wanavitazama vile vinane. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Ndivani kuhesabiwa, na hakuna aliyepigwa kidole.

"Imetoa hizi tu?" aliuliza Bi Namche.

Mcharo alifungua mdomo. Nakiete akamtangulia.

"Iliniuliza tuko wangapi," alisema. "Nikapunguza. Ingeweza kutoa mia mbili."

Alingoja kupigwa, na nafikiri angefarijika. Lakini nani angempiga? Kila mama pale alikuwa amemfundisha mwanawe maneno yaleyale.

Sefue, ambaye mkewe alikuwa miongoni mwa waliotoka damu, ndiye aliyesema, na alisema akitazama mlima. "Mashine iliyotuhesabu ilituua. Na hii ambayo haikutuhesabu nayo inatuua. Mtuambie basi tuziambie nini."

Bi Namche alikusanya chupa zote akazirudisha sandukuni, akalisukuma mbele ya Nakiete.

"Unaijua sheria ya mfereji," alisema. "Anayeufungua ndiye anayeufunga. Wewe ndiye uliyesema thelathini. Zigawe."

"Bi Namche, mimi ni mtoto."

"Ulikuwa mtoto ulipoingia mlimani pia. Nikigawa mimi, kila nyumba itasema nimependelea wangu, na tutauana kabla homa haijatuua. Wewe hawatakuchukia. Watakuhurumia, na huruma wanaweza kuishi nayo."

Wapo watakaosema ulikuwa ukatili. Mimi pia nasema ulikuwa ukatili. Lakini sijaona hata leo aliyesema ni nani mwingine angeweza kuifanya kazi ile.

Waliotoka damu walikuwa wanne, na nyumba zao zenyewe zilivitungua vibuyu vyao, Sefue akiwa wa mwisho, akikishikilia cha mkewe kama mtoto mchanga. Kisha Bi Namche akatungua cha kwake mwenyewe na kukiweka chini. Wazee wawili, mume na mke, wakasemezana kidogo, wakatungua vyao. Wazee wengine walikuwepo ambao hawakutungua, na hakuna aliyewatazama, kwa sababu kutaka kuishi si kosa.

Vilibaki vibuyu thelathini na kimoja. Kilizidi kimoja tu.

Nakiete alianza kugawa. Alianzia upande wa mbali, kwa watoto wachanga, akaja kwa wakung'uta nyavu, ambao bila wao wote wangekufa kwa kiu hata wakipona. Mcharo alipata, akasimama mbele ya kibuyu chake akilia bila kujificha. Mama yake alipata. Sefue alipata, na hakuigusa. Nakiete aliendelea kuufuata ua. Alifika kwenye vibuyu viwili vya mwisho, vilivyoning'inia pamoja kwa sababu nyumba ilikuwa moja. Kidogo kilikuwa cha Kirita, na kingine chake yeye. Sandukuni ilibaki chupa moja.

Alijua. Tangu alipoiona kanga alijua. Alijua pia kwamba dawa ile ingemwagika bure kwenye mwili wa mdogo wake kama maji kwenye mchanga. Lakini ilikuwa dozi yake mwenyewe, hakuwa anamwibia mtu, na hakuona namna ya kuishi katika nyumba ile kama angeiweka kwingine. Akaiweka juu ya kibuyu kidogo.

"Nimefunga," alimwambia Bi Namche.

Watu waliinamisha vichwa. Walidhani wanaona dada akimfia mdogo wake, na hilo walilielewa, na hata lilikuwa na uzuri wake. Wengine walikwisha kuanza kuchukua chupa zao.

Mama yake aliinuka. Ilimchukua muda, maana alikuwa amembeba Kirita, na hakutaka kumlaza chini. Alifika kwenye ua, akasimama, akaifungua kanga kwa mkono mmoja. Chini ya masikio ya mtoto damu ilikuwa imekauka, na juu ya ile iliyokauka palikuwa na mbichi.

"Huyu ametoka damu," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa habari ya mbuzi. "Tangu juzi. Niliificha."

Kisha akaitoa chupa kwenye kibuyu kidogo akaiweka kwenye kile kikubwa.

"Mama, usifanye hivyo."

"Kunywa."

"Siwezi."

"Nimedanganya siku mbili, Nakiete, na wewe umedanganya mara moja, na ona tulipofika. Mimi sina uongo mwingine. Kunywa hapa nikuone."

Nakiete alikunywa mbele ya watu wote. Alikuwa amejiandaa kwa uchungu, kwa kitu kama mwarobaini, na angeukaribisha. Lakini dawa ilikuwa tamu. Wazamani walikuwa wametia utamu na harufu ya tunda fulani ili watoto wasiikatae. Alijichukia kwa jinsi ulimi wake ulivyoufurahia, akalia sana, akiwa bado anaulamba utamu ule kwenye meno bila kukusudia.

*

Nyumbani mama alitandika mkeka akamlaza Kirita, akasogea kumpisha Nakiete upande wa pili. Mama alikuwa amemshika mtoto miguu, anaikanda kwa vidole gumba, polepole, kama alivyomkanda siku zote za maumivu ya mifupa.

Kirita alifumbua macho. Alikuwa hasikii vizuri tena, kwa hiyo Nakiete aliinama karibu kabisa na uso wake.

"Dada," alisema Kirita. "Mliipata hazina?"

"Tuliipata."

"Nini?"

Nakiete alitaka kumwambia dhahabu, au ile ndege ya chuma ya Mcharo. Lakini Kirita alikuwa amekunja pua, ananusa.

"Mdomo wako unanukia," alisema. "Nini hicho?"

"Sijui jina lake. Ni tunda la Wazamani."

"Ndiyo hazina yenyewe?"

"Ndiyo."

Kirita alilifikiria hilo. Halikumkatisha tamaa. Kwa mtoto aliyezaliwa Ndivani, ambaye matunda aliyajua kwa kuchorwa tu kwenye ngozi ya mbuzi, dhahabu isingekuwa kubwa kuliko hii.

"Pumua tena," alisema.

Mama aliacha kumkanda miguu, akageukia ukutani. Nakiete alimsogelea mdogo wake mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akapumua, taratibu, kwa mdomo wazi, ili apate yote. Kirita alifumba macho akavuta. Kila harufu ilipofifia aliomba tena, na kila alipoomba Nakiete alimpumulia.